Sanduku la Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi. Nimezitoa ndoo tatu za mwaka jana na kuziweka pale pale zilipokuwa, maana paa letu lina kumbukumbu nzuri kuliko mimi. Masanduku yaliyopokelewa: hakuna.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Masanduku: hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Mkurugenzi amepiga simu kutoka makao makuu. Anaandaa Ripoti ya Mwenendo wa Utafutaji wa Mafuta na Gesi, kitabu chenye jalada la kung'aa ambacho kila mwaka kinazidi kuwa chembamba.

"Mzee, robo hii umepokea masanduku mangapi?"

"Hakuna, mkuu."

"Hakuna kabisa?"

"Labda tuhesabu la majani ya chai."

Hakucheka. Akaniambia niandike kwamba shughuli zinaendelea kupangwa. Nikaandika. Miaka sita sasa shughuli zinaendelea kupangwa.

Nikishastaafu huenda atakayerithi meza hii akalisoma daftari hili, basi aelewe kazi yenyewe. Kila anayechimba kisima cha mafuta au gesi katika nchi hii analazimika kuleta kwangu mawe aliyoyatoa chini. Ni miche ya mwamba, ya duara, minene kama mkono wa mtu mzima, inayopangwa kwenye masanduku kama miche ya sabuni. Ninayo masanduku elfu tisa na ushee. Rafu zilijengwa za masanduku elfu ishirini, mwaka ule wa neema, makampuni yalipokuwa yanapigana vikumbo mlangoni. Zilizobaki tupu zimejazwa viti vibovu vya idara nyingine.

Ukutani kando ya mlango kuna mistari ya rangi nyeupe. Aliyenitangulia ndiye aliyeanza: sanduku la kwanza la kisima kipya likiingia, unapaka mstari mmoja chini ya mwaka wake, na mimi nimeendelea hivyo hivyo. Mwaka wa neema una mistari kumi na minne. Uliofuata una tisa. Kisha minne, kisha miwili, kisha mmoja. Baada ya hapo ni ukuta mtupu, miaka sita. Mkurugenzi anachora grafu zake kwa kompyuta, rangi tano, lakini ukuta wangu unasema yale yale kwa kopo moja.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji ameng'arisha tena buti zake za kazi. Huyu ni mdogo wake mke wangu, mshika mabomba kwenye mtambo wa kuchimba, mtu wa mabega, aliyekuja kukaa kwetu wiki mbili wakati kampuni yake ilipofunga virago. Wiki mbili hizo zimefika mwaka wa sita. Analala sebuleni, anateka maji, anarekebisha kila kitasa, hata vile ambavyo havijaharibika. Kila Jumapili anazitoa buti, anazipaka dawa, anazirudisha kwenye mfuko.

Na kila jioni, tukikaa mezani, ananiuliza swali lake.

"Leo je, shemeji?"

"Hakuna."

"Basi kesho."

"Jamani, hamchoki?" mke wangu husema. "Mnaongea kama wagonjwa wa hospitali."

Hatuchoki. Mimi ndiye mtu wa kwanza nchini kujua kisima kipya kikichimbwa, na yeye ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia. Hiyo ndiyo mila ya nyumba yetu.

Alhamisi, 13 Machi

Barua. Kampuni ya mwisho inakuja kuangalia masanduku.

Ninaposema ya mwisho sitii chumvi. Mwaka wa neema vitalu kumi na saba, yaani maeneo ya kutafutia mafuta, vilikuwa na wenyewe. Bei ya mafuta duniani ikaanguka, wakarudisha vitano. Wengine wakachimba, wakakuta maji ya chumvi, wakarudisha vinne. Wengine wakapata gesi lakini kidogo, haitoshi hata kulipia bomba lake, wakaaga kwa heshima. Kimebaki kitalu kimoja tu, cha bondeni, na ruhusa yake inaisha mwishoni mwa Juni. Ama wachimbe kisima kabla ya hapo, ama wakirudishe.

Jioni nilimwambia shemeji. Aliacha kula.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua kubwa. Ndoo zimekuwa tano.

Amekuja mjiolojia wa kampuni. Nilimtarajia mzee mwenye kitambi, akashuka binti wa miaka kama thelathini, viatu vya matope, na kioo cha kukuzia kikining'inia shingoni. Nimempa jina la Lenzi, kimoyomoyo. Alinisalimia shikamoo, akaomba kiti, akaomba Bonde Tisa na Bonde Kumi na Moja. Hivyo ni visima viwili vya zamani, vya kabla sijaajiriwa, vilivyochimbwa kilomita arobaini kutoka kimoja hadi kingine.

Nilimtolea masanduku kwa toroli mpaka mgongo ukalia. Alifurahi kuona kila kipande bado kina mistari yake miwili, mwekundu na mweusi. Hiyo ndiyo alama yetu: ukikigeuza kipande kichwa kielekee juu ya ardhi, mwekundu lazima uwe kulia. Kipande kikianguka, mistari inakuambia kilivyokuwa kimesimama chini kule.

"Mzee, ghala hili limetunzwa," alisema. "Nimefika sehemu nyingine nikakuta kuku wanatagia kwenye masanduku."

Nilivimba kichwa siku nzima. Naandika ukweli.

Jumanne, 18 Machi

Saa tano Lenzi aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia humu ghalani kwa miaka. Alikuwa ameinama juu ya sanduku la thelathini na moja, Bonde Kumi na Moja. Ndani mlikuwa na mche wa mchanga mgumu, rangi ya kahawia iliyoiva, uliotolewa kina cha mita elfu moja mia nne na kumi na mbili.

"Nusa."

Nikanusa. Baada ya miaka yote hiyo bado ulikuwa na harufu hafifu, kama karakana iliyofungwa.

Alisema ripoti ya zamani inadai kisima hicho kilikuwa kikavu, hakikuonyesha dalili yoyote. Vipimo vya umeme vilivyochukuliwa kisimani katika kina hicho, ambavyo vingeonyesha ukweli, vilipotea zamani. Lakini mchanga huu umelowa mafuta! Wale watu walikuwa na haraka, alisema, walipitwa. Na kama mafuta yaliwahi kupita hapo, basi yapo karibu, upande wa juu wa mteremko wa tabaka, maana mafuta hupanda. Alikuwa anaongea huku anazunguka meza. Kisha akasimama, akaniangalia.

"Mzee, masanduku haya yamewahi kuguswa? Kuhamishwa, kupangwa upya?"

"Hapana," nikasema.

Lilitoka haraka, kama mtu anayejibu salamu. Akaandika kwenye daftari lake. Alipiga picha thelathini hivi, akakata kijipande cha kupeleka maabara, akaondoka kabla ya mvua ya saa tisa.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Masanduku: hakuna. Kuna kitu kinanikwaruza na sikijui.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekijua. Ni ile mvua ya mwaka wa neema.

Jumamosi, 22 Machi

Sikwenda kazini. Nimeshusha madaftari yangu ya zamani kutoka juu ya kabati, mke wangu akauliza kama natafuta barua za mchumba. Nimeyapekua mpaka nikafika kwenye ile wiki.

Mwaka ule paa liliachia upande mzima. Rafu ya chini ya masanduku ya mbao yaliyooza iliporomoka kwenye maji, na visima viwili vikachanganyika sakafuni kwenye tope: Tisa na Kumi na Moja. Namba za wino zilifutika, ikabaki mistari ya rangi tu. Na malori ya visima vipya yalikuwa yanapiga honi nje, mimi ni mmoja, mkaguzi anakuja Ijumaa. Nilipanga vipande kwenye masanduku mapya kwa siku tatu. Na siku ya tatu nimeandika hivi, kwa mkono wangu: "Mvua. Yamepokelewa 62. Masanduku mawili ya mwisho nimekisia. Mkaguzi amesifu usafi."

Mstari mmoja tu, siku ya kawaida. Sikuona kama ni jambo la kukumbuka.

Masanduku yenyewe sikuyataja.

Jumatatu, 24 Machi

Leo nimefunga mlango wa ghala, jambo ambalo haliruhusiwi saa za kazi.

Mwamba ukikatika, ncha mbili zinabaki na meno yake, na hakuna ncha nyingine duniani itakayoyakubali meno hayo. Hilo analijua kila mtunza ghala. Kwa hiyo nilitoa ule mche wa kahawia kutoka sanduku la thelathini na moja, nikaulaza mezani juu ya gunia. Kisha nikachukua masanduku ya Bonde Tisa, moja moja, nikijaribisha kila ncha. Bonde Tisa lilipata mafuta, kila mtu anajua, kidogo sana, yakapimwa, yakaonekana hayafai, kisima kikafungwa. Mchanga uliolowa mafuta, mahali pake ni humo.

Sanduku la kumi na tano, hapana. La kumi na sita, hapana, nikaanza kupumua. La kumi na saba, hapana. Nikajiambia nikimaliza la ishirini naacha, nitakuwa nimejisumbua bure kama mama aliyeota ndoto mbaya.

La kumi na nane. Kipande cha mwisho. Nilikisogeza, na kikaingia.

Sikukisukuma. Kiliingia chenyewe, kikatulia, hata ukucha haukupita katikati. Mstari mwekundu ukatoka kwenye kipande cha Tisa ukaendelea kwenye kipande cha Kumi na Moja bila kupinda, na mweusi vivyo hivyo. Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji. Naogopa. Niandike tena: naogopa.

Baadaye niliviachanisha, nikarudisha kila kimoja kwenye sanduku lake la uongo na la kweli, nikafungua mlango.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Hakuna. Sijapiga simu.

Jumatano, 26 Machi

Hakuna. Sijapiga simu.

Ijumaa, 28 Machi

Nilishika simu, nikatafuta namba, mkurugenzi akapiga yeye. Amesikia kuhusu sanduku letu, anasema waziri naye amesikia. "Mzee, umeiokoa idara," akasema. Mtu wa kuokoa idara nikarudisha simu mfukoni.

Jumatano, 2 Aprili

Wanachimba.

Maabara imethibitisha kwamba mafuta ni mafuta, kitu ambacho pua yangu ingewaambia bure. Kampuni imekubali kisima kimoja, upande wa juu wa Bonde Kumi na Moja. Kuna mtambo nchi jirani umemaliza kazi na utapitia huku. Wanatafuta wafanyakazi wenye vyeti.

Shemeji alipigiwa simu saa kumi na moja jioni, wakati mimi nafungua geti. Nilimkuta amesimama katikati ya uwanja, simu bado sikioni ingawa upande wa pili walishakata. Akaniona. Yule mtu mzima wa mabega akanikumbatia akaniinua juu, akaanza kulia.

"Shemeji, ni wewe," alikuwa anasema. "Ni mawe yako. Ni wewe."

Mke wangu naye analia, anacheka, anapiga vigelegele peke yake. Ilikuwa ndiyo saa ya kusema. Ningesema tu: nishushe chini, nina neno. Alinishusha nikasema hongera.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika hoja zangu, maana kichwani zinazunguka kama nyuki. Kwanza, huenda mafuta yapo hata hivyo; ardhi haijui niliandika nini kwenye sanduku. Pili, Lenzi ana elimu, ana sababu nyingine za kuchagua pale. Tatu, nikisema, kampuni itarudisha kitalu kesho, na shemeji atarudi kwenye kochi.

Nimezisoma tena. Hoja ni ya tatu tu. Zile mbili ni za kuisindikiza.

Jumatatu, 7 Aprili

Shemeji ameondoka na buti miguuni. Nilimbebea begi mpaka barabarani.

"Shemeji, ikitokea mkakuta hakuna kitu," nilianza.

"Usiniletee mkosi asubuhi," akasema, akacheka. "Wewe tayarisha rafu."

Nyumba ni kubwa kumbe.

Jumatano, 16 Aprili

Mkurugenzi alikuja na wapiga picha. Akasimama mbele ya ukuta wangu, akaniamuru nipake mstari wa mwaka huu ili wapige picha akiwa kando yake.

"Haupakwi mpaka sanduku la kwanza liingie, mkuu."

"Mzee, si ni suala la wiki chache tu? Mwenendo umebadilika. Tulikuwa sifuri, sasa tunapanda."

Nikakataa katakata. Nikamwambia ukuta huu haujawahi kudanganya na hautadanganya mikononi mwangu. Walipiga picha ndoo badala yake. Walipoondoka ndipo niliposikia nilichokuwa nimesema, nikaona haya mwili mzima.

Jumanne, 22 Aprili

Nimempigia Lenzi. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi, sentensi nne, nizisome tu. Akapokea akiwa kwenye mtambo, kelele nyuma, sauti yake imejaa furaha.

"Mzee wangu! Tumeanza tangu juzi, tuko mita mia mbili! Shemeji yako ni mashine, hapumziki. Kuna tatizo?"

"Hapana. Nilitaka kujua kama mvua inawasumbua."

"Inatusumbua, lakini tutafika."

Karatasi nimeichana. Tayari walikuwa mita mia mbili chini ya ardhi, nikajiambia kwamba sasa haina maana tena. Nimekuwa hodari wa kujiambia.

Jumapili, 27 Aprili

Shemeji kapiga simu. Mita mia sita. Chakula kizuri, anasema, ila hakifikii cha dada.

Jumapili, 4 Mei

Mita mia tisa. Mvua imepungua bondeni, huku bado. Mke wangu ameshona mapazia mapya ya sebuleni, kwa kuwa sasa ni sebule.

Alhamisi, 8 Mei

Ndoo saba. Hakuna.

Jumapili, 11 Mei

Mita elfu moja na mia mbili. "Tunakaribia, shemeji," amesema kwa kunong'ona, kama mtu anayevizia ndege. Nimeshindwa kula. Mke wangu amenishika paji la uso, akasema sina homa, basi nina nini? Nikasema ni paa. Akasema mtu hakondi kwa ajili ya paa la serikali.

Nimeanza kumwomba Mungu anisaidie kwa kuweka mafuta pale ambapo hayapo. Sijui kama hayo ni maombi.

Jumanne, 20 Mei

Wamepita mita elfu moja mia nne na kumi na mbili. Hakuna kitu.

Jumatano, 21 Mei

Wanaendelea. Lenzi amewaambia huenda tabaka limeshuka kidogo.

Jumapili, 25 Mei

Shemeji hakupiga simu.

Alhamisi, 29 Mei

Maji ya chumvi. Wamefika mita elfu moja na mia nane, wamekuta mchanga msafi, mzuri, na maji ya chumvi ndani yake. Leo wanaziba kisima kwa saruji. Mkurugenzi ndiye aliyenijulisha, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani asiyempenda.

"Ila kisima kimehesabika," akamalizia. "Kikavu au kibichi, kwenye ripoti ni kimoja."

Jumanne, 3 Juni

Kampuni imerudisha kitalu. Vitalu vyenye wenyewe: hakuna. Naandika neno hilo kila siku, leo mkono umekataa kidogo.

Ijumaa, 6 Juni

Shemeji amerudi. Amekonda, ameungua jua. Aliweka mfuko wa buti nyuma ya mlango, pale pale, akaangalia mapazia mapya.

"Yamependeza, dada," akasema.

Mezani alinisubiri niinue macho. "Leo je, shemeji?" Nikamwambia masanduku ya kisima chao yanakuja wiki ijayo, na nitamwombea kibarua cha kushusha. Akashukuru. Alinishukuru mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Masanduku yaliyopokelewa: arobaini na sita.

Miaka sita nimeisubiri namba hii. Nilikuwa nikiwaza lori litakavyoingia kwa kurudi nyuma, nitakavyosimama na ubao wangu wa kuandikia. Lori liliingia kwa kurudi nyuma. Nilisimama na ubao. Shemeji alishusha kila sanduku kwa mikono miwili, taratibu, kama anashusha mtoto aliyelala, na kwenye kila kipande mistari ilikuwa imepakwa vizuri, mwekundu kulia. Mbao mpya zinanukia. Nilitia sahihi.

Ukuta sikuugusa. Lenzi anakuja Jumatatu kuandika ripoti ya mwisho. Nimekwishaamua, na safari hii sikuandika hoja.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi, kabla hajafika, nilitandika gunia mezani. Nikaweka kipande cha Bonde Tisa, sanduku la kumi na nane. Nikaweka mche wa kahawia, sanduku la thelathini na moja. Nikaviunganisha. Kando yake nikaweka daftari langu la mwaka wa neema, limefunguliwa kwenye ule mstari mmoja. Niliamua meza iseme, kwa kuwa mdomo wangu umekwishathibitika kuwa hauaminiki.

Shemeji alikuwa ndani anapanga masanduku ya mwisho kwenye rafu. Sikumtuma nje. Ningeweza kumtuma akanunue sigara asizovuta, lakini sikumtuma.

Lenzi alinisalimia shikamoo kama siku ile, ila bila kunitazama. Akaja mezani. Alisoma namba za masanduku mawili. Akapitisha kidole juu ya mstari mwekundu, kutoka Tisa kwenda Kumi na Moja, kikapita pale pa kuungana bila kukwama. Akarudia. Kisha akasoma daftari.

"Ulijua lini?"

"Tarehe ishirini na nne Machi."

"Nilikuuliza tarehe kumi na nane."

"Siku hiyo nilisahau kweli. Siku sita baadaye nilijua."

"Mtambo ulikuwa bado nchi jirani."

"Ndiyo."

"Ulinipigia simu, Mzee." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukaniuliza habari za mvua."

"Ndiyo."

Nilitaka anitukane. Alikaa kwenye kile kiti alichokaa siku ya kwanza, akavua kioo chake shingoni, akakiweka mezani. Akasema yeye ndiye aliyetia sahihi kwamba pachimbwe pale, peke yake, wakubwa zake walikuwa hawataki. Ameachishwa kazi kuanzia mwisho wa mwezi. Nilimwambia naomba msamaha. Akasema sawa, kwa namna ambayo mtu anamwambia kondakta sawa.

Kisha akatoa kalamu yake ya wino mzito akanisogezea. "Andika palipo pake."

Nikaandika juu ya mche wa kahawia: BONDE TISA.

Nilipoinua kichwa, shemeji alikuwa amesimama kati ya rafu na sanduku la arobaini na sita mikononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini, lakini uso wake ulisema tangu mwanzo. Tuliangaliana. Nilisubiri alibwage. Mimi ningelibwaga. Akageuka, akalisukuma mahali pake, akalinyoosha lilingane na mengine, akachukua koti lake akatoka kwenye mvua.

Jumanne, 17 Juni

Nimempelekea mkurugenzi barua ya kukiri, kurasa mbili. Amepiga simu kabla ya saa sita.

"Hii haiingii kwenye ripoti, Mzee. Unataka kutuharibia mwenendo? Mwaka jana sifuri, mwaka huu kimoja. Mstari unapanda. Umebakiza miaka miwili ustaafu, kaa kimya utunze mawe."

Aliagiza nipake ukuta nimtumie picha. Sanduku la kwanza limekwishaingia na sheria ya ukuta ni hiyo, kwa hiyo nimepaka. Mstari mmoja, mweupe, baada ya miaka sita mitupu. Ukiutazama kwa mbali, ni kweli, unapanda.

Jumatano, 18 Juni

Mvua imekatika. Nimekausha ndoo na kuzipanga. Masanduku: hakuna.

Nyumbani mke wangu hajui. Shemeji hajamwambia. Amesema tu kwamba Jumamosi anaondoka, amesikia kuna kazi ya ujenzi mahali. Buti amempa mlinzi wa mtaa wa pili, bure. Dada mtu ananiuliza mimi, "Mmegombana?" na mimi naangalia sahani.

Jioni tulikaa mezani watatu. Mke wangu alizungumza mambo ya mapazia. Niliweka mikono juu ya meza nikasubiri, kama ninavyosubiri kila jioni kwa miaka sita, na jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni. Shemeji alikula akamaliza. Alinawa mikono, akamshukuru dada yake kwa chakula, akasogeza kiti mahali pake.

Hakuniuliza.